DOC ya Mto Nairobi kwa miaka kumi: tanuru, mwanga wa UV, sensa au COD?

Maji ya Mto Nairobi yanapoondoka kwenye kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, kaboni iliyomo ni ya matete, mizizi na majani yaliyooza polepole. Yakifika soko la Gikomba, mjini, yameshachanganyika na sabuni, mafuta na maji ya vyoo. Maabara hutoa tarakimu ya aina moja kwa maji yote mawili na kuiita DOC, yaani kaboni oganiki iliyoyeyuka, ile inayopita kwenye kichujio cha mikromita 0.45. Anayetaka kujua kama tarakimu hiyo inapanda au inashuka mwaka hadi mwaka asianze kwa kuuliza mashine bora ni ipi. Aulize ipi haitamdanganya aina ya kaboni ikibadilika, na ipi ataweza kuiendesha vilevile mwaka wa kumi.

Tunalinganisha njia nne ambazo mtu wa Nairobi huzifikiria kwanza.

| Njia | Inachopima hasa | Kinachoiharibu |
|---|---|---|
| Mashine ya kaboni (tanuru au persalfeti, kemikali ya kuoksidisha) | Kaboni yenyewe, mg kwa lita | Kukatika kwa stima, chumvi, sampuli iliyohifadhiwa vibaya |
| Ufyonzaji wa mwanga wa UV (urujuanimno) kwenye nanomita 254 | Molekuli zenye pete za kaboni | Chuma, tope, mabadiliko ya aina ya kaboni |
| Sensa (kihisi cha kielektroniki) ya fluoresensi ndani ya mto | Mng'ao wa sehemu ya kaboni | Tope, joto, utelezi wa vijidudu, sabuni, wizi |
| COD na BOD | Oksijeni inayoliwa uchafu ukivunjwa kwa kemikali (COD) au na vijidudu (BOD) | Karibu kila kitu, ikiwa swali lako ni DOC |

Usiige Ulaya bila kupima mto wako

Maandishi mengi kuhusu mabadiliko ya DOC kwa miaka mingi yanatoka Uingereza, nchi za Skandinavia na Marekani ya kaskazini mashariki. Huko DOC imepanda tangu miaka ya 1990, na uchambuzi wa mwaka 2007 uliotumia takwimu za maziwa na vijito 522, za kati ya 1990 na 2004, uliifungamanisha sehemu kubwa ya ongezeko hilo na kupungua kwa salfa inayoanguka kutoka angani. Asidi ikipungua kwenye udongo, mboji huyeyuka kwa urahisi zaidi na maji huwa ya kahawia. Vijito vile viko mbali na miji na kaboni yao ni ya aina moja, ya udongo na mboji, kwa hiyo UV peke yake hufanya kazi nzuri.

Mto Nairobi, Mathare na Ngong si hivyo. Mto Ngong hupita Kibera na bwawa la Nairobi lenye gugumaji, kila kimoja kikiongeza kaboni yake. Chini zaidi, maji ya mabwawa ya kusafishia maji taka ya Dandora, yaliyoko Ruai, huingia Mto Nairobi yakiwa na kaboni ya mwani. Kiangazi maji taka hayana cha kuyapunguza makali, kwa hiyo DOC ya mjini huwa juu. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, wimbi la kwanza hufagia mitaro, kisha maji mengi huzimua kila kitu, wakati huohuo vijito vya juu vikipanda kwa kaboni iliyooshwa kutoka mashambani. Sehemu mbili za mto mmoja zinaweza kwenda pande tofauti wiki ileile.

Mashine ya kaboni

Hii ndiyo inayopima kaboni yenyewe. Sampuli hutiwa asidi na kupulizwa gesi safi ili kaboni isiyo oganiki (bikaboneti) itoke kama dioksidi ya kaboni. Kisha kilichobaki huchomwa kwenye tanuru la nyuzi 680 au zaidi lenye kichocheo cha platinamu, na gesi inayotoka husomwa kwa mwanga wa infraredi. Aina ya pili haina tanuru: hutumia persalfeti pamoja na joto au UV kuivunja kaboni.

Kwa maji ya mjini tunachagua tanuru. Huvunja pia molekuli ngumu ambazo persalfeti huziacha nusu. Persalfeti ina faida zake: hutumia umeme kidogo, haina kichocheo cha kubadilisha, na hufanya vizuri kwenye maji yenye DOC chini ya 1 mg kwa lita. Udhaifu wake unaotajwa sana ni kloridi, ambayo hugombania kioksidishaji kuanzia karibu mg 500 kwa lita. Hilo ni tatizo la Mto Sabaki karibu na bahari, Malindi, si la Museum Hill, Nairobi.

Adui wa tanuru hapa ni stima. Kila umeme unapokatika tanuru hupoa ghafla, bomba la kwatzi hupata nyufa baada ya mizunguko mingi na kichocheo huzeeka mapema. Betri ya akiba isitoshe kompyuta tu. Iweze kulishikilia tanuru angalau hadi jenereta iwake. Dalili ya kichocheo kilichochoka ni vilele vya usomaji kuwa vipana na vyenye mkia, na sindano tatu za sampuli ileile kutofautiana. Tofauti ikizidi asilimia 5, usikubali wastani. Safisha, kisha rudia.

Kiwango cha kulinganishia hutengenezwa kwa potasiamu haidrojeni thaleti: kausha unga, pima gramu 2.125, yeyusha kwenye maji safi hadi lita 1, na hapo una mg 1,000 za kaboni kwa lita. Kwa mito hii andaa ngazi za 1, 2, 5, 10, 20 na 50. Maji matupu ya maabara yasome chini ya 0.2 au karibu na hapo. Yakisoma zaidi, shuku kwanza katriji ya kusafishia maji iliyopitwa na wakati, kisha vitakasa mikono: mvuke wa spiriti kwenye vidole unatosha kuharibu chupa ya mililita 40.

Mashine mpya ni mamilioni ya shilingi, na bei ya kuinunua si mzigo mkubwa kama gesi, kichocheo na fundi wa miaka yote inayofuata. Kikundi kidogo kisinunue. Kilipie sampuli kwenye maabara ileile kila mwezi, na kiombe kwa maandishi aina ya mashine, joto la tanuru na usomaji wa maji matupu wa siku hiyo. Maabara ikibadilisha mashine bila kukuambia, utaona "mabadiliko ya mto" ambayo hayakutokea mtoni.

UV kwenye nanomita 254

Molekuli zenye pete za kaboni, kama zile za mboji, hufyonza mwanga wa nanomita 254. Chuja maji, jaza kyuveti ya kwatzi, soma. Dakika mbili, hakuna kemikali, na gharama ya kila sampuli ni karibu bei ya kichujio tu.

Mtego wa kwanza upo dukani. Spektrofotomita nyingi za bei nafuu zina taa ya tangsteni pekee na huanzia karibu nanomita 320; hazifiki 254 kabisa. Hakikisha kuna taa ya deuteriamu. Mtego wa pili ni kyuveti: plastiki na kioo cha kawaida hufyonza UV, kwa hiyo lazima iwe kwatzi. Kuikagua mashine kila mwezi ni rahisi, kwa sababu ile thaleti tuliyotaja yenye mg 10 za kaboni kwa lita inapaswa kusoma karibu 0.146 kwenye kyuveti ya sentimita 1. Usomaji ukiteleza mwezi baada ya mwezi, taa inazeeka.

Sasa tazama hesabu. Sampuli imesoma 0.180 kwa sentimita 1, yaani 18 kwa mita. Maabara imesema DOC ni 6. Gawanya 18 kwa 6 upate 3.0, uwiano huo huitwa SUVA. Maji ya mboji hutoa uwiano mkubwa, maji taka hutoa mdogo, kwa sababu sukari, mafuta na sabuni nyingi hazina pete. Mto wenye DOC 12 uliojaa maji taka unaweza kusoma UV sawasawa na kijito cha msituni chenye DOC 6.

Hapo ndipo UV peke yake inapoweza kukupotosha Nairobi. Tuseme mtaa mzima umeunganishwa na bomba jipya la maji taka. Kaboni ya vyoo inapungua mtoni, DOC inashuka, lakini sehemu ya mboji imebaki, na UV inasogea kidogo sana. Rekodi ya UV ingesema hakuna lililobadilika, wakati ushindi mkubwa umepatikana. Dawa yake ni kuoanisha: kila mwezi sampuli moja isomwe UV na ipimwe kaboni pia. Kuhama kwa SUVA kutakuonyesha kwamba aina ya kaboni imebadilika, na hiyo ni habari yenye thamani kuliko DOC peke yake.

Udongo mwekundu wa huku una chuma, na chuma chenye chaji tatu hufyonza UV pia. Ukipata SUVA inayozidi 5 baada ya mvua, usishangilie mboji; pima chuma kilichoyeyuka kwanza. Na usitie asidi kwenye chupa ya UV, kwa sababu sehemu ya mboji huganda na usomaji hubadilika. Ihifadhi gizani kwenye nyuzi 4 na uisome ndani ya saa 48.

Sensa ndani ya mto

Sensa humulika maji kwa mwanga wa karibu nanomita 365 na kusoma mng'ao unaorudi karibu na 480. Inavutia kwa sababu husoma kila dakika 15, hata usiku wa manane mvua inaponyesha, saa ambayo hakuna anayeshuka mtoni na chupa. Kwa kijito safi cha juu, penye ulinzi, hakuna njia nyingine inayoonyesha wimbi la mvua vizuri hivyo.

Kwa mto wa mjini hatuipendekezi kuwa rekodi kuu. Mng'ao hupungua karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi moja ya joto. Mto ukipanda kutoka nyuzi 16 asubuhi hadi 23 mchana, sensa isiyosahihishwa itaonyesha anguko la asilimia 7 hivi kila siku. Hilo husahihishwa kwa hesabu. Tope ni gumu zaidi: maji mekundu ya mafuriko humeza mwanga kabla haujarudi, na sensa hutangaza kushuka saa ileile DOC inapopanda. Utelezi hujijenga kwenye dirisha lake ndani ya siku chache hata kama ina kifutio, hivyo mtu lazima ashuke kila wiki kuisugua, na akishuka kila wiki angeweza kuchukua chupa.

Jambo lisilosemwa na muuzaji ni sabuni. Sabuni za unga zina ving'arisha nguo, na ving'arisha hivyo hung'aa kwa mwanga uleule wa karibu nanomita 365. Wachunguzi huvitumia kutafuta maji taka yanayovuja. Chini ya mtaa ambako nguo hufuliwa kandokando ya mto, sensa yako inapima kufua. Ukiongeza wizi wa chochote chenye chuma, hesabu inakuwa nzito.

COD na BOD

Maabara nyingi zina vifaa hivi kwa sababu sheria inavitaka: kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha BOD 30 na COD 50 mg kwa lita kwa maji taka yanayomwagwa kwenye mazingira. Kwa kumbana mchafuzi, tumia hivyo. Kwa kufuatilia DOC, hapana.

COD hupima oksijeni, na uwiano wake na kaboni hutegemea ni kaboni gani: glukosi 2.67, asidi ya oksaliki 0.67, asidi ya mafuta ya palmitiki 3.8. Kwa kawaida sampuli yake haichujwi, kwa hiyo chembe zinahesabiwa. Kila mrija huacha kromu, fedha na zebaki, taka ambazo hazifai kumwagwa kwenye sinki. BOD nayo ina kikwazo cha mwinuko: kwenye mita 1,700 maji ya nyuzi 20 hushika oksijeni karibu 7.4 mg kwa lita badala ya 9.1 ya pwani. Chupa lazima itumie angalau 2 na ibakize angalau 1, kwa hiyo nafasi yako ni finyu na sampuli za mjini zinahitaji kuzimuliwa zaidi kuliko vitabu vya pwani vinavyoonyesha.

Makosa ya mtoni ni makubwa kuliko tofauti za mashine

Saa kwanza. Maji taka hufuata maisha ya watu: asubuhi watu wanapooga na kupika mabomba hujaa, alasiri hupungua. Ukichukua sampuli saa moja asubuhi mwaka huu na saa nane mchana mwaka ujao kwa sababu dereva amebadilika, umetengeneza mwelekeo wa uongo. Andika saa kwenye mpango na uishike, kwa tofauti ya nusu saa.

Mahali. Maji ya mtaro hukumbatia ukingo mmoja kwa umbali mrefu kabla ya kuchanganyika. Kabla ya kuchagua kituo, pima uwezo wa maji kupitisha umeme kwenye nukta tano kuvuka mto. Zikitofautiana zaidi ya asilimia 5, shuka mbele zaidi. Fanya hivyo kiangazi na masika, maana panapofaa Februari huenda pasifae Mei.

Kuchuja hufanyika papo hapo, si jioni maabara, kwa sababu vijidudu vya maji taka vinaendelea kula kaboni ndani ya chupa. Tumia sindano ya mililita 60 isiyo na mafuta kwenye pistoni na kichujio cha PES (aina ya plastiki). Pitisha mililita 30 za maji ya mto na uzimwage, ndipo ukusanye. Vichujio vingi hutoa kaboni vikiwa vipya, na vya selulosi asetati ndivyo vibaya zaidi. Msimu wa maji mekundu kichujio huziba baada ya mililita 10 au 15. Usisukume kwa nguvu, utapasua seli na kumwaga kaboni yake kwenye sampuli. Chuja kwanza kwa kichujio cha nyuzi za kioo kilichochomwa nyuzi 450 kwa saa nne, kisha malizia kwa 0.45. Ila ukianza kutumia vichujio viwili masika, vitumie na kiangazi, ili sampuli zote zipite njia moja.

Chupa mbili za kioo cha kahawia: ya UV bila asidi, ya DOC yenye matone mawili ya asidi ya hidrokloriki kali kwa mililita 40 hadi pH iwe chini ya 2. Kagua kwa karatasi ya pH kwenye tone, usitumbukize karatasi. Kama maabara inatumia persalfeti, watataka asidi ya fosfori badala yake. Asidi ya nitriki usiguse, hula kaboni. Chupa ya DOC ikikaa baridi na gizani itavumilia siku 28. Glavu ni lazima, kwa ajili ya asidi na kwa ajili ya mto wenyewe.

Mwisho, kina cha maji. DOC bila kiasi cha maji haisomeki, kwa sababu mwaka wa mvua nyingi utafanana na mwaka wa usafi. Kama kituo chako hakiko karibu na kipimio cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, simika rula ya kudumu kwenye nguzo ya daraja na uipige picha kila unapochota. Aliyeanza rekodi Aprili au Mei 2024, wakati wa mafuriko, ameanzia kwenye maji yasiyo ya kawaida, na rula ndiyo itakayomwambia hivyo.

Nani achague nini

Kikundi cha jamii au shule iliyo kando ya Mathare au Ngong: UV kila wiki kwa makubaliano na chuo chenye spektrofotomita, na sampuli moja ya kaboni kila mwezi kwa kulipia. Hiyo ni UV 52 na DOC 12 kwa mwaka kwa kila kituo. Vituo viwili vinavyodumu vinashinda sita vinavyokufa mwaka wa pili.

Idara ya chuo kikuu yenye fundi na jenereta: tanuru, na UV kwenye kila sampuli bila kukosa. Sensa moja iwekwe juu, karibu na Ondiri, kwa mawimbi ya mvua tu.

Wanaosafisha maji ya kunywa kutoka mabwawa ya Ndakaini au Sasumua: UV kila siku, na DOC kila wiki. Maji hayo ya milima ya Aberdare yana kaboni ya msitu na udongo, hivyo UV huifuata DOC vizuri, na kaboni hiyo ndiyo inayokutana na klorini na kuzaa trihalomethani, kemikali zisizotakiwa kwenye maji ya kunywa. Marekani imeweka kikomo cha jumla yake kuwa mikrogramu 80 kwa lita. UV ikipanda ghafla baada ya mvua, mtambo una nafasi ya kuongeza alamu (shabu, inayogandisha uchafu) kabla ya klorini.

Kabla ya miaka 5 usitangaze mwelekeo, na 10 ni bora. Tumia jaribio la takwimu la Kendall la misimu, linalolinganisha Januari na Januari, Mei na Mei, lisipotoshwe na mvua mbili za mwaka. Na siku mashine itakapolazimika kubadilishwa, endesha ya zamani na mpya pamoja kwa mwaka mzima, masika na vuli zote zikiwamo, kwa sampuli zilezile. Kama ya zamani imekufa ghafla, chupa za akiba zilizogandishwa hazitaiokoa rekodi, kwa sababu kuganda huangusha sehemu ya kaboni, hasa ya mboji. Anza sehemu mpya ya rekodi, chora mstari wima kwenye grafu penye tarehe hiyo, na usiunganishe nukta za pande mbili.